Mwongozo kamili: Jinsi ya kutambua chanzo hafifu cha eksirei kinachodunda polepole

Faili ninazotumiwa na wanafunzi na walimu wa fizikia wa Mtwara, Lindi, Masasi na Newala karibu zote zinakwama mahali pamoja. Mtu amepakua data za darubini ya eksirei, amepata mdundo (mwanga unaopanda na kushuka kwa mpigo) wa sekunde mia saba au elfu na ushee, kisha ameandika chini yake kwa herufi kubwa: NYOTA YA NYUTRONI. Mara nyingi mdundo upo kweli. Jina ndilo halina ushahidi.

Kipindi cha dakika kadhaa hakimtaji mwenye nacho. Kibete cheupe (kiini kilichobaki cha nyota iliyokufa) chenye sumaku kinaweza kukitoa, na nyota ya nyutroni (kiini kidogo na kilichoshindiliwa zaidi) vilevile. Hata vibete vyeupe viwili vinavyozungukana vinaweza. Darubini yenyewe nayo inaweza kukitengeneza pasipo na kitu. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake; ukiruka moja, hatua inayofuata itakupa jibu lenye sura nzuri lakini la uongo.

## Vinavyohitajika

- Kompyuta yenye Linux, au Windows iliyowekewa WSL (nyongeza inayoendesha Linux ndani ya Windows).
- Programu za bure: CIAO kwa data za darubini ya angani Chandra, SAS kwa data za darubini ya angani XMM-Newton, HEASoft (ndani yake mna XSPEC, ya kuchambua spektra), na Python yenye Astropy na Stingray.
- Intaneti. Faili moja la matukio huwa na makumi hadi mamia ya megabaiti. Pakua kwa bando la usiku, na tumia programu inayoweza kuendelea pale ilipoishia umeme ukikatika.
- Daftari la kuandika kila jaribio, hata lile lisiloleta kitu. Sababu utaiona hatua ya 3.

Darubini yako mwenyewe huihitaji. Angahewa humeza eksirei zote zinazotoka angani, kwa hiyo hakuna kilima cha Makonde kirefu cha kutosha kuziona. Chandra ilirushwa Julai 1999 na XMM-Newton Desemba mwaka huohuo. Data za zote mbili hufunguliwa kwa umma baada ya muda wa aliyeomba uchunguzi kuisha, na ghala lake limejaa vyanzo ambavyo hakuna aliyevichungulia kwa makini. Mwaka 2016 kundi la watafiti lililopitia ghala la Chandra lilitangaza vyanzo 41 vipya vinavyodunda. Mtu wa Lindi mwenye kompyuta ya mtumba anachota kwenye ghala lilelile.

Ukitaka kujua unatazama wapi, toka nje mwezi wa saba kati ya saa nne na saa tano usiku, pale Mikindani au Msimbati. Kitovu cha Njia Nyeupe kinakuwa karibu na utosi, kati ya Mshale na mkia wa Nge. Vyanzo vingi vya aina hii vimepatikana upande huo.

## Hatua ya 1: Pima vifaa vyako kwa chanzo kinachojulikana

Anza na HM Cancri. Hivi ni vibete vyeupe viwili vinavyozungukana kila sekunde 321.5, na Chandra imevitazama mara kadhaa. Pakua uchunguzi mmoja, kata duara dogo kuzunguka chanzo, tafuta kipindi (namna ya kufanya iko hatua ya 2 na ya 3).

Usichuje fotoni (chembe za mwanga) kwa pupa. Karibu fotoni zote za HM Cancri ziko chini ya keV 1 (kiloelektronivolti, kipimo cha nishati), kwa hiyo ukikata keV 2 hadi 8 kama ulivyozoea utabaki mikono mitupu.

Umefaulu ukiona kilele kirefu kwenye sekunde 321 hivi, na ukikunja data kwa kipindi hicho chanzo kinazimika kabisa kwa karibu nusu ya mzunguko. Usipokiona, usiguse chanzo kipya. Tengeneza vifaa kwanza.

## Hatua ya 2: Safisha data na uhesabu fotoni

Kwa Chandra, endesha `chandra_repro` (amri ya CIAO ya kuchakata data upya), kisha chora duara linaloshika sehemu kubwa ya mwanga wa chanzo na duara jingine kubwa la usuli (fotoni zisizotoka kwenye chanzo) mahali pasipo na nyota. Kumbuka kwamba safu ya nishati ya Chandra imeandikwa kwa elektronivolti, si kwa keV. Kata 500 hadi 8000, si 0.5 hadi 8.

Kwa XMM-Newton kuna kazi ya ziada. Protoni kutoka nje huipiga kamera na kuongeza usuli ghafla. Chora mwanga wa eneo zima dhidi ya muda, kisha ondoa vipande vyote vilivyopanda.

Halafu rekebisha muda uwe kama umepimwa kwenye kitovu cha mfumo wa jua. Kwa Chandra ni `axbary`, kwa XMM ni `barycen`. Nuru inachukua sekunde kama 500 kutoka Jua hadi kwetu, na Dunia inahama mwaka mzima. Kwa uchunguzi mmoja wa saa chache marekebisho haya hayasogezi kipindi cha sekunde elfu kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Utakapolinganisha miaka miwili tofauti ndipo utakapoyahitaji, na wakati huo utakuwa umeshasahau kama uliyafanya.

Umefaulu ukiwa na idadi mbili mkononi: fotoni ndani ya duara la chanzo, na makadirio ya ngapi kati ya hizo ni za usuli. Ukiwa na chini ya fotoni mia moja, tafuta chunguzi nyingine za eneo hilohilo kwanza.

## Hatua ya 3: Tafuta mdundo bila kujidanganya

Fotoni zikiwa chache, tumia kipimo cha Z² (namba inayokua kadiri fotoni zinavyofuata mpigo mmoja) juu ya muda wa kila fotoni moja moja, badala ya kuzikusanya kwenye vikapu vya sekunde mia mia. Ukikusanya unapoteza taarifa uliyonayo kidogo.

Tufanye hesabu ya mfano. Uchunguzi una urefu wa sekunde 50,000, fotoni ni 240, na unatafuta vipindi kuanzia sekunde 20 hadi 10,000. Idadi ya frikwensi zinazojitegemea ni urefu wa uchunguzi mara upana wa frikwensi ulizotafuta: hapa kama 2,500. Kila moja ni bahati nasibu mpya.

Uwezekano wa kelele tupu kufikia thamani fulani ya Z² kwenye frikwensi moja ni e kwa kipeo cha hasi nusu ya Z². Ukipata Z² ya 38, unapata takriban 5.6 × 10⁻⁹. Zidisha kwa 2,500: uwezekano wa kudanganywa ni kama 1 kwa 70,000. Hapo una kitu.

Ukipata Z² ya 20, hesabu hiyohiyo inatoa 0.11, yaani mara moja kati ya tisa. Kwenye grafu kilele cha 20 kinapendeza sana. Na kama umepitia vyanzo 40 kabla ya kukipata, basi kelele peke yake ingekupa vilele vinne hivi vya namna hiyo. Ndiyo maana ya daftari: idadi ya vyanzo ulivyojaribu inaingia kwenye hesabu, pamoja na vile ulivyovitupa.

Nguvu ya mdundo nayo unaipata hapohapo. Kwa mdundo laini, Z² inakaribia idadi ya fotoni mara mraba wa kina cha mdundo (sehemu ya mwanga inayopanda na kushuka), gawanya kwa mbili, jumlisha 2 za kelele. Kwa Z² ya 38 na fotoni 240, kina ni kama asilimia 55. Kama sehemu ya kumi ya fotoni ni za usuli, kina halisi ni kama asilimia 61, kwa sababu usuli haudundi.

Usiandike kipindi kwa usahihi usiokuwa nao. Hatua kati ya frikwensi moja na nyingine, ikigeuzwa kuwa kipindi, ni mraba wa kipindi gawanya kwa urefu wa uchunguzi. Kwa kipindi cha sekunde 1,150 ndani ya sekunde 50,000, hiyo ni sekunde 26. Mdundo wenye nguvu unaweza kuupima hadi sekunde mbili au tatu. "Sekunde 1,150.372" ni tarakimu za kompyuta, hazitoki angani.

Onyo. Gesi inayoanguka juu ya nyota huwaka kwa kuyumba, na kuyumba huko huwa na nguvu zaidi kwenye vipindi virefu. Kama uchunguzi wako haukushika angalau mizunguko minne au mitano, au kipindi chako ni nusu au theluthi ya urefu wa uchunguzi, kiweke kando hadi kionekane tena kwenye uchunguzi mwingine.

## Hatua ya 4: Mshuku darubini kwanza

Hapa ndipo faili nyingi ninazotumiwa huangukia, kwa hiyo nakuomba uisome polepole.

Chandra haitulii sehemu moja. Inayumbishwa kwa makusudi, ili kasoro za vijisehemu vya kamera zisambazwe. Kwa kamera ya ACIS, kuyumba upande mmoja huchukua sekunde 1,000 na upande wa pili sekunde 707. Kwa kamera ya HRC ni 1,087 na 768. Chanzo kikiwa karibu na ukingo wa chipu au safu mbovu, kinaingia na kutoka kwenye sehemu isiyoona kwa mpigo huohuo. Unapata mdundo safi, wenye Z² kubwa, unaorudi katika kila uchunguzi. Dalili zote nzuri, na nyota haipo.

Fanya hivi:

1. Kama kipindi chako kiko ndani ya hatua moja ya frikwensi kutoka 707 au 1,000, au nusu zake yaani 353.5 na 500, simama.
2. Endesha `dither_region` kwa duara la chanzo chako. Itakuonyesha ni sehemu gani ya duara ilikuwa ikiona kwa kila wakati. Chora mstari huo kando ya mwanga wa chanzo.
3. Pima kipindi hichohicho kwenye chanzo jirani chenye mwanga zaidi, na kwenye usuli. Nyota mbili za angani hazikupatana kudunda pamoja.
4. Tafuta uchunguzi ambamo chanzo kimeangukia katikati ya chipu, mbali na ukingo. Mdundo wa kweli utabaki.

XMM-Newton haiyumbi namna hiyo, kwa hiyo ni shahidi mzuri wa pili. Darubini za Swift na NuSTAR zinazunguka karibu na Dunia, na Dunia inaziziba kila dakika 96 au 97 hivi. Kwa hizo, shuku chochote cha sekunde 5,800 na nusu yake.

Umefaulu ukiweza kuandika: mdundo umeonekana kwa darubini mbili, au kwa chunguzi mbili ambamo chanzo kilikuwa sehemu tofauti za kamera. Bila hilo usiende mbele.

## Hatua ya 5: Pata mng'aro halisi

Sasa ndipo swali la "ni nini?" linapoanza. Kipimo kinachotenganisha watuhumiwa kuliko vyote ni mng'aro halisi: 4π mara mraba wa umbali mara mwanga unaotufikia.

Shida ni umbali. Anza na rangi ya eksirei. Gesi na vumbi kuelekea kitovu cha Njia Nyeupe hufuta karibu kila kitu chini ya keV 2. Chanzo chenye fotoni nyingi chini ya keV 2 upande ule kiko mbele, karibu nasi. Chanzo kisichokuwa nazo kabisa huenda kiko kwenye kitovu, kama miaka ya nuru 26,000 kutoka hapa, au nyuma yake.

Tuseme mwanga unaotufikia, baada ya kusahihisha uliofutwa njiani, ni ergi (kipimo kidogo cha nishati) 6 × 10⁻¹⁴ kwa sentimita ya mraba kwa sekunde. Kikiwa kiloparseki 8 (kiloparseki moja ni kama miaka ya nuru 3,260), mng'aro ni kama ergi 4.6 × 10³² kwa sekunde. Kikiwa kiloparseki 2, ni kama 2.9 × 10³¹. Fanya hesabu kwa umbali wa karibu na wa mbali, uandike zote mbili. Jibu likiwa lilelile kwa umbali wote miwili, umepata bahati.

Watuhumiwa wenyewe ni hawa.

Kibete cheupe chenye sumaku kinachonyonya gesi ya mwenzake, kile wataalamu wanachokiita pola ya kati. Mng'aro wake ni kati ya ergi 10³¹ na 10³⁴ kwa sekunde. Kipindi kwa kawaida ni mamia hadi maelfu machache ya sekunde, ingawa AE Aquarii hujizungusha kwa sekunde 33. Ndugu zake, pola, zimefungwa uso kwa uso na mwenzake, na kipindi chao ni dakika 80 hadi saa kadhaa.

Nyota ya nyutroni pamoja na nyota nzito. Vela X-1 hudunda kwa sekunde 283, X Persei kwa 837 hivi. Kwa kawaida hung'aa kwa 10³⁴ na kuendelea, ingawa zilizotulia hushuka chini ya hapo.

Vibete vyeupe viwili kama HM Cancri: eksirei laini mno, na kuzimika kabisa sehemu ya mzunguko.

Wageni. Chanzo 1E 161348-5055, ndani ya masalia ya supanova RCW 103, kina kipindi cha saa 6.67, na mwaka 2016 kililipuka kama sumaku-nyota (nyota ya nyutroni yenye sumaku kali mno). ASKAP J1832-0911, iliyotangazwa 2025, hutoa redio na eksirei kila dakika 44. Zipo, lakini ni chache mno. Usianze nazo.

Vibete vyeupe vyenye sumaku ni vingi kuliko nyota za nyutroni zinazonyonya gesi. Mwaka 2003, vyanzo vinane vinavyodunda kwa kati ya sekunde 300 na saa 4.5 vilitangazwa kwenye picha ya kina ya Chandra ya kitovu cha Njia Nyeupe, na maelezo yaliyofaa zaidi yalikuwa vibete vyeupe. Chanzo chako hafifu kinaanzia huko hadi ushahidi ukivute kwingine.

## Hatua ya 6: Soma spektra

Spektra ni mgawanyo wa fotoni kwa nishati. Ukiwa na fotoni mia mbili tatu, tumia takwimu ya Cash ndani ya XSPEC au Sherpa (iliyomo ndani ya CIAO); ile ya khi-mraba inadanganya fotoni zikiwa chache. Jaribu modeli mbili tu: mstari wa kipeo uliofunikwa na gesi, na plazma ya moto iliyofunikwa na gesi.

Angalia kati ya keV 6 na 7. Chuma kilichopoa hutoa mstari wa 6.4, chuma kilichochemshwa sana hutoa 6.7 na 6.97. Mstari wa 6.7 ukiwa na nguvu, una plazma ya moto, na hiyo ni tabia ya gesi inayogonga uso wa kibete cheupe. Nyota ya nyutroni yenye mwenzi mzito mara nyingi huonyesha 6.4 peke yake, kutoka kwenye upepo wa mwenzi. Fotoni zako zikiwa chache hutaona mstari wowote. Unganisha spektra za chunguzi zote za eneo hilo kabla ya kukata tamaa.

Halafu gawanya fotoni kwa nishati, kwa mfano 0.5 hadi 2, 2 hadi 4 na 4 hadi 8, upime kina cha mdundo kwa kila fungu. Kwa pola za kati, gesi inayoanguka huziba nuru laini zaidi, kwa hiyo kina hupungua nishati ikipanda.

Kuna dalili moja ninayoithamini kuliko nyingine hapa. Kibete kinachojizungusha huku kikimzunguka mwenzake hutoa vipindi viwili vinavyokaribiana. Kama kujizungusha ni sekunde 1,150 na mzunguko wa jozi ni saa nne, tafuta kilele cha pili kwenye sekunde 1,250. Hesabu ni 1/1,150 toa 1/14,400. Vilele hivyo vimeachana kwa sekunde mia, na hatua yako ni 26, kwa hiyo utavitenganisha. Ukivipata vyote viwili, pola ya kati imejitambulisha karibu kwa jina.

## Hatua ya 7: Mtafute mwenzi

Chandra inakupa mahali kwa usahihi wa chini ya sekunde moja ya tao (sehemu ya 3,600 ya digrii), XMM kwa moja na nusu au mbili. Linganisha na katalogi za nyota za Gaia (mwanga wa kawaida), 2MASS na VVV (infraredi). Nyota nzito yenye joto ni kubwa kwa mng'aro, na hata kwenye kitovu cha Njia Nyeupe huonekana kwa miale ya infraredi. Mwenzi wa kibete cheupe ni nyota ndogo, na huko mbali haonekani kabisa. Kutoona chochote ni ushahidi dhidi ya nyota nzito, alimradi picha uliyotumia ina kina cha kutosha kuionyesha.

Onyo. Upande wa kitovu nyota zimesongamana. Hesabu nyota ndani ya duara la sekunde 30 za tao, kisha zidisha kwa mraba wa (kosa la mahali gawanya kwa 30). Zikiwa 300 na kosa ni sekunde 1, una uwezekano wa theluthi moja wa kukuta nyota isiyohusika. Zikiwa 20, ni asilimia mbili tu.

Gaia ikikupa umbali wa nyota unayoiamini, rudi hatua ya 5 ukafanye hesabu upya.

## Hatua ya 8: Linganisha miaka

Hapa ndipo ghala la zaidi ya miaka 25 linapokufaa. Pia ya mtoto hubadili mwendo kwa kofi dogo, jiwe la kusagia halijali. Kwa nguvu ileile, nyota ya nyutroni hubadili mzunguko wake kirahisi zaidi ya kibete cheupe kwa takriban mara laki moja.

Nyota ya nyutroni inayobadilika kwa sehemu 10⁻⁸ ya sekunde kila sekunde itahama kwa sekunde sita hivi ndani ya miaka ishirini. Kibete kinachobadilika kwa 10⁻¹¹ kitahama kwa chini ya sehemu ya mia moja ya sekunde, ambayo huwezi kuipima. Kipindi kikiwa kimehama waziwazi kuliko makosa yako yote mawili, nyota ya nyutroni imepata ushahidi mzito. Kikiwa hakijahama, hujathibitisha kibete, umeshindwa tu kukitoa kwenye orodha.

## Hatua ya 9: Andika matokeo

Kabla ya kutuma, angalia SIMBAD (hifadhidata ya vitu vya angani) na katalogi ya vyanzo vya Chandra kama chanzo kimeshatambuliwa. Kisha andika kwa mpangilio huu: namba za chunguzi zote, fotoni na usuli, Z² na frikwensi ulizojaribu, vyanzo vingapi ulivipitia, matokeo ya `dither_region`, mng'aro kwa umbali miwili, spektra, mwenzi, na kipindi cha kila mwaka pamoja na kosa lake.

Hitimisho liandikwe hivi, kwa chanzo chetu cha mfano: "Mdundo wa sekunde 1,150 ± 3 umeonekana kwa darubini mbili na hautokani na kuyumba kwa Chandra. Mng'aro ni kati ya ergi 3 × 10³¹ na 5 × 10³² kwa sekunde, kina cha mdundo kinapungua nishati ikipanda, hakuna nyota nzito mahali pake. Inaelekea ni pola ya kati. Nyota ya nyutroni iliyotulia haijaondolewa. Uchunguzi wenye fotoni za kutosha kuona mstari wa keV 6.7 ungeamua."